Mama wa Koti la Kijivu

Kwa miaka arobaini na mitatu, kila mara Kifungua alipomkumbuka mama yake, alimkumbuka amevaa koti. Lilikuwa koti zito la kijivu, lenye vifungo vikubwa na ukosi wa manyoya uliopanda hadi masikioni. Alijua fika kuwa jambo hilo haliwezekani. Pale walipokulia jua liliwaka mwaka mzima, na mtu akionekana na koti watu humwuliza kama ana homa. Lakini ndivyo alivyokuja, akitaka asitake: mwanamke mweupe kama karatasi, anatembea ameinamisha kichwa, na kitu kama unga kinadondoka kimyakimya kutoka mbinguni na kumkalia mabegani.

Jina halisi la Kifungua lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko lilikobaki. Baba yake alimwita Kifungua kwa kuwa ndiye aliyefungua mimba, na mdogo wake wa kiume akampa jina la Kitinda kwa kuwa baada yake hakuja mwingine. "Nina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea," mzee alipenda kutania. "Nyumba gani inahitaji mlango wa tatu?"

Mzee mwenyewe watu walimwita Kasuku. Kazi yake ilikuwa kufasiri filamu kwenye ukumbi wa video uliokuwa nyuma ya stesheni, enzi zile ambapo televisheni ilikuwa moja kwa mtaa mzima. Aliketi kando ya kioo na kipaza sauti mkononi, na filamu ikisema chochote, yeye aliigeuza Kiswahili papo hapo. Alifasiri filamu za lugha sita, na kati ya hizo sita hakujua hata moja. Aliangalia midomo, macho na mikono, akatunga. Alikuwa baba, mama, jambazi, mtoto mchanga, mbwa na treni, vyote kwa koo moja. Watu walipenda filamu zake hivyo hivyo. Mtu mmoja aliyewahi kusoma ng'ambo alijaribu siku moja kumsahihisha, wakamzomea mpaka akatoka nje.

Mama yao aliondoka asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba, Kifungua akiwa na miaka saba na Kitinda minne. Hapakuwa na ugomvi uliosikika. Kifungua alikumbuka mlango, na mkoba wa kahawia ukipita mlangoni, na mkono ulioshika mkoba. Juu ya mkono hapakuwa na kitu. Sura ilikuwa imefutika, kama kwamba mtu amepitisha kitambaa chenye maji. Picha hazikuwepo; kama zile zilizokuwepo baba alizichoma au mama aliondoka nazo, hakuna aliyejua.

"Mama yenu amefuata dawa," baba aliwaambia. "Akiipata, atarudi."

Kitinda alikuwa anakohoa kweli wiki ile, kwa hiyo maneno hayo yaliingia akilini.

Majirani nao walisema yao. Asiyekuwepo na lake halipo, na mama hakuwepo kujitetea. Wapo waliosema amefuata mwanamume, wapo waliosema amechoka kulishwa maneno na mtu asiyemaliza kusema. Watoto wakipita, sauti zinashuka.

Krismasi ya mwaka ule ndipo kanda ilipokuja.

Siku ya Krismasi, saa nane mchana, ukumbi ulikuwa wa watoto peke yao. Madirisha yalizibwa kwa karatasi za mifuko ya saruji, mabenchi yakasukumwa nyuma, na watoto wakakaa chini, magoti kwa magoti, viatu vyao vipya wamevivua na kuvikumbatia visije vikakanyagwa. Kulikuwa na harufu ya vumbi lililoungua juu ya deki, na ya mafuta ya nywele, na ya maganda ya machungwa. Nyuma kabisa, karibu na swichi, alisimama Fundi Mitambo, kijana mrefu aliyekuwa na kazi ya kuwasha, kuzima na kupiga televisheni kofi picha zikitetemeka. Kasuku alifunga leso kwenye kipaza sauti ili kisikwaruze, akakohoa mara mbili.

"Asiyenisikia anyooshe mkono!"

Mikono kumi ilinyooka, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kila mwaka hivyo hivyo, na kila mwaka walicheka kama ndiyo mara ya kwanza.

Filamu ilikuwa ya rangi ya majivu, ya nchi ya baridi. Watoto wawili wako dirishani, dada na mdogo wake. Mama yao, mwenye koti la kijivu, anawabusu, anachukua mkoba, anatoka.

"Hicho cheupe ni nini?" mtoto mmoja aliuliza mwaka ule wa kwanza.

"Unga," Kasuku alijibu bila kusita. "Huko kwao unga unamwagika ovyo, ndiyo maana mnawaona wamenenepa."

Mama yule alipanda treni. Kwenye mkono wake alishika kichupa kidogo, akakitazama, akakitia mfukoni. "Dawa hii nimeipata," Kasuku alisema kwa sauti yake nyembamba ya kike. "Sasa narudi kwa wanangu. Mdogo anakohoa!" Treni ilikwama kwenye unga, watu wakashuka, mwanamke akaanza kutembea peke yake, mti hadi mti. Na hapo, akiwa bado njiani, Kasuku alimpa Fundi Mitambo ishara, na kioo kikazimika.

Giza likawa totoro.

"Kanda inaishia hapo," Kasuku alisema gizani. "Mengine ninayo mimi."

Akawasimulia. Mama alitembea mpaka miguu ikafa ganzi. Mbwa mwitu walimfuata, akawaimbia wakalala. Akaona taa kwa mbali. Akafika. Akashika kitasa. "Mlango ukafunguka," Kasuku alisema polepole, "mama akaingia, akasema..."

"Nimerudi, wanangu!" watoto wote walipaza sauti, hata wale wa mwaka wa kwanza, maana aliwafundisha.

Hayo ndiyo Kifungua aliyoyabeba kutoka utotoni mwake. Wengine walikumbuka viatu, wengine biskuti. Yeye alikumbuka giza lile, magoti ya Kitinda yakimgusa, na sauti ya baba ikimrudisha mama nyumbani hatua kwa hatua. Kidogo kidogo mkono ulioshika mkoba wa kahawia uliota mwili, na mwili ukavaa koti. Baada ya mwaka mmoja hakuweza tena kuwatenganisha wale wanawake wawili. Jioni alikaa kizingitini akiangalia kama unga umeanza kudondoka.

Ni mara moja tu mwisho ule uliharibika. Ilikuwa Krismasi ya tatu, yeye akiwa na miaka tisa. Baba alifika kwenye kitasa kama kawaida, watoto wakavuta pumzi tayari kwa kupiga kelele, naye akanyamaza. Akanyamaza sana, mpaka wengine wakaanza kuchekacheka. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe, wala si ile nyembamba:

"Lakini hakufungua. Alichungulia dirishani. Akaona wanawe wameshiba, wamelala. Akasema, wacha nisiwaamshe. Akaondoka."

"Siyo hivyo!" watoto walifoka. "Mwongo! Siyo hivyo!"

Kasuku alikiweka kipaza sauti juu ya stuli, akatoka. Kifungua alimkuta nyuma ya ukumbi ameinama kwenye bomba, anajimwagia maji usoni, maji yanaingia mpaka kifuani, na hafungi bomba. Hakuuliza. Mwaka uliofuata mama alirudi kama kawaida, na hakuna aliyekumbusha.

Ukumbi ulifungwa televisheni zilipoingia kila nyumba. Kasuku aliuza magazeti, akizisoma habari kwa sauti kiasi kwamba wateja walisikiliza bure na kwenda zao. Alikufa mzee, ameketi kitini, katikati ya sentensi. Sauti yake ilikuwa nzima mpaka siku ile. Mama yao hakurudi, na dawa ikasahaulika, maana Kitinda aliacha kukohoa mwenyewe.

Kifungua alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Miaka ishirini na miwili sasa alikuwa akipokea mashuka yaliyochafuka, akiyatenga, akiyapitisha kwenye mashine kubwa, akiyalisha kwenye rola ya moto ya kupigia pasi, na kuyakunja na mwenzake kwa hatua nne kama watu wachezao: sogea, kutana, shika, rudi. Alikuwa mtu wa kazi na wa utani. Lakini Desemba ikiingia, alibadilika. Binti yake aliyeolewa mji mwingine alilijua hilo tangu akiwa mdogo. "Mama, mwezi huu huwa unaishi na sisi au na nani?" aliwahi kumwuliza. Kifungua alizunguka kwenye maduka ya kanda, baadaye ya diski, akiuliza filamu ya Krismasi yenye mama, treni na theluji. Wauzaji walimwuliza jina. Jina hakulijua. Kwenye kasha la kanda ile baba aliandika neno moja tu kwa kalamu nene: MAMA.

Filamu ilimfuata yenyewe. Mwaka wa arobaini na tatu tangu mama aondoke, siku mbili kabla ya Krismasi, saa tisa mchana, alikuwa akisukuma toroli la mashuka safi kwenye wodi ya wanawake. Televisheni ilikuwa juu ukutani, hakuna aliyeiangalia isipokuwa bibi mmoja wa kitanda cha sita aliyevunjika nyonga. Kifungua alisikia kwanza muziki, kinanda kinachopanda ngazi na kushuka. Alisimamisha toroli.

Dirishani walikuwa watoto wawili.

"Mama, mashuka," muuguzi alimwambia.

"Nakuja."

"Umesimama kama nguzo."

"Nakuja, mwanangu. Nipe dakika."

Filamu ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili, za watu wengi, mwanamke akiwa na sauti ya mwanamke na mtoto sauti ya mtoto. Jambo hilo peke yake lilimuumiza, kama kuingia kwenu ukakuta watu usiowajua wamekalia viti vyenu. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha sita bila kuomba ruhusa. Bibi alivuta mguu wake mzima kumpisha.

Mama mwenye koti aliwabusu watoto. "Msinisubiri mkachelewa kulala," ile sauti ngeni ilisema. Hapakuwa na mtoto anayekohoa. Kwenye treni alitoa kichupa, akakifungua, akajipaka shingoni. Yalikuwa marashi. Treni ilikwama, akashuka, akatembea mti hadi mti, na pale ambapo kwa Kifungua dunia ilizoea kuwa giza, picha iliendelea. Mwanamke alifika kwenye nyumba kubwa yenye taa nyingi. Mwanamume alimfungulia, akampokea koti. Chini ya koti alikuwa na gauni la sherehe. Alicheka. Kisha wakaonyesha watoto dirishani, na babu yao akiwasomea barua yenye mistari mitatu, na yule dada akainuka, akaipuliza taa. Nje theluji ilikuwa inafukia nyayo. Basi, ikaisha.

"Filamu gani hii ya kuwaonyesha wagonjwa?" bibi wa kitanda cha sita alilalamika. Kisha akamtazama. "Wewe unalia nini? Ni mchezo tu huo."

"Najua, bibi."

"Kwani uliwahi kuiona?"

"Nusu," Kifungua alisema.

Usiku ule hakufumba jicho, na kesho yake, mkesha wa Krismasi, aliomba ruhusa ya nusu siku akaenda kumtafuta Fundi Mitambo.

Hakuwa mbali. Ukumbi wa zamani ulikuwa sasa ghala la mbao na misumari, na Fundi Mitambo, aliyekuwa kijana mrefu, alikuwa mzee mrefu aliyepewa chumba kwa nyuma ili aangalie mali. Alikuwa amekaa kitandani akitengeneza redio isiyo na mfuniko. Alimtambua mara moja.

"Binti ya Kasuku! Karibu, mwanangu. Kaa hapo, sogeza hizo nyaya, hazina moto."

Walijuliana hali. Kifungua hakuwa na subira ya kuzunguka.

"Mzee, nimeiona ile filamu ya Krismasi. Nimeiona mpaka mwisho."

Fundi Mitambo aliweka bisibisi chini.

"Baba alijua inavyoisha?"

"Baba yako aliiangalia peke yake mara tatu kabla hatujawaonyesha nyinyi. Lugha hakuijua, lakini macho alikuwa nayo. Mara ya tatu akaniambia, akishuka tu kwenye treni, nikikupa ishara, zima."

"Si angechagua nyingine? Kanda zilikuwa kibao."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akaniambia, nyingine hazina mama aliyeondoka." Mzee alipangusa mikono kwenye suruali. "Alitaka mzoee. Aliniambia, hawa watoto watakaa wamwangalie mama anatoka, halafu watamwona anarudi, mwaka huu na mwaka kesho. Siku mama yao akitokea mlangoni wasimkimbie kama mgeni. Yeye hakuwa anawadanganya, mwanangu. Alikuwa anawaandaa. Alimsubiri kweli."

Kwenye ghala mtu alikuwa akiangusha mbao, moja moja.

"Na alirudi," Fundi Mitambo alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Usinitazame hivyo. Nimebeba jambo hili mpaka mgongo umepinda, na kwa umri wangu huu sijui nitalitua wapi." Alivuta pumzi. "Mwaka ule watoto walipomzomea baba yako. Unaukumbuka?"

Aliukumbuka.

"Nilikuwa kwenye swichi, karibu na mlango wa nyuma. Nimeshazima, giza, baba yako anasimulia. Mlango ukafunguka kidogo, akaingia mwanamke amejifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Nilimjua kwa anavyosimama, bega moja chini. Akasimama pale, akasikiliza. Mbwa mwitu, taa, vyote alivisikiliza. Nyinyi mlikuwa mbele, migongo yenu ndiyo aliyoiona. Mlango haukufungwa vizuri, mwanga ukaingia kama uzi, ukamwangukia usoni. Na baba yako kule mbele ndipo alipofika kwenye kitasa."

"Akamwona."

"Akamwona. Akanyamaza. Nyinyi mlidhani anawatia hamu. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo wangu. Halafu akasema yale maneno. Wacha nisiwaamshe. Na mama yako akaweka mkono mdomoni, akatoka."

Kifungua aliuliza swali ambalo lingekaa naye tangu siku ile.

"Nani alitangulia, mzee? Alianza yeye kugeuka ndipo baba akasema, au baba alisema ndipo akageuka?"

Mzee aliokota bisibisi, akaigeuzageuza mkononi.

"Nimejiuliza miaka yote. Giza lilikuwa totoro, mwanangu, na mwanga wenyewe uzi. Siku nyingine naona baba yako alimfukuza. Siku nyingine naona alimwona ameshaamua kwenda, akamwombea radhi mbele yenu ili asiende na laana. Sijui. Jioni baba yako aliniuliza, umeona kitu? Nikamwambia sijaona kitu. Basi sikuona kitu mpaka leo."

Kifungua alitoka akapita katikati ya ghala. Pale zilipokuwa kanda pamepangwa misumari kwa ukubwa. Alisimama mahali alipokisia palikuwa na mlango wa nyuma, sasa ukuta mtupu uliopigwa chokaa, akageuka akatazama mbele. Alijaribu kuona kile alichokiona mama: mgongo wa mtoto wa kike wa miaka tisa, kichwa kilichosukwa na baba asiyejua kusuka. Alisimama mpaka mfanyakazi wa ghala akamwuliza anatafuta saizi gani.

Krismasi yenyewe ilipita hajui ilipita vipi. Siku ya pili yake alimfuata Kitinda kazini. Kitinda alikuwa fundi bomba, na likizo za shule ndizo zilizokuwa msimu wake. Alimkuta kwenye vyoo vya wasichana vya shule fulani, amelala chali chini ya sinki, miguu peke yake ndiyo inaonekana.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Dada! Nipe spana hiyo yenye mpini mwekundu. Umekuja kunikagua?"

Alimpa spana, akageuza ndoo, akaikalia, akamweleza yote. Ilikuwa rahisi kuieleza miguu kuliko uso. Kitinda hakumkatiza, ila spana ilisimama. Alipomaliza, maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani, tone, tone.

"Mimi nilishamzika huyo mtu, dada," miguu ilisema hatimaye. "Nilimzika zamani, na sikuitisha matanga."

"Najua."

"Mwenye kovu usidhani amepoa. Umekuja kulikwaruza la nini?"

"Sikuwa na wa kumpelekea mwingine."

Kisha Kitinda akajivuta kutoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, magoti yamelowa, nywele zimeingia mvi na kutu ya bomba. Macho yake hayakuwa kwa dadake.

"Alikuwa na kitambaa cha rangi gani?"

"Mzee hakusema."

"Cha kijani," Kitinda alisema. "Chenye maua ya njano. Mwaka ule nilibanwa na mkojo. Nilikuogopa wewe, ulinikataza kutoka kabla ya mwisho, lakini nilibanwa, nikatambaa mpaka nje. Kulikuwa na mama mmoja amesimama ukutani. Shati langu lilikuwa limefungwa vibaya, kifungo kimoja kimeingia tundu la mwenzake, yote yamekwenda upande. Baba ndiye aliyenivalisha. Yule mama akachutama. Akafungua vifungo vyote, akaanza upya kutoka chini. Nilidhani ni mama wa mtoto mwingine."

Kifungua alishika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

"Ilikuwa kabla hajaingia au baada ya kutoka?"

"Nilikuwa na miaka sita, dada. Nilikuwa na mkojo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alifunga tu."

"Sura yake. Kitinda, sura yake."

Alifikiri mpaka paji la uso likakunjamana. "Alikuwa na pengo, hapa juu, mbele. Na alikuwa..." Akamtazama sasa. "Alikuwa kama wewe ukiwa umekasirika na hutaki watu wajue."

Kifungua alirudi kwake, akasimama mbele ya kioo mpaka mumewe akabisha mlango kuuliza kama yu mzima. Alijaribu kukasirika. Alijitazama akiwa na umri mkubwa kuliko ule ambao mama yake alikuwa nao pale ukutani, akajaribu kupunguza miaka, akaweka pengo, akafunga kitambaa cha kijani kwa mawazo. Mara sura ilikaribia. Halafu koti likarudi, na ukosi wa manyoya, na ile sura nyeupe ya mwanamke aliyekwenda kucheka kwenye nyumba ya watu. Koti halikuvulika. Mambo mengine yakishalowa ndani hayatoki hata kwa sabuni ya hospitali.

Yeye na Kitinda walimtafuta mama. Lazima hilo lisemwe, maana watu wangeuliza. Januari nzima walipita kwa wazee wa mtaa, wakaandika barua kwa ndugu wa upande wa mama ambao hawakuwahi kuwaona, na mmoja alijibu kuwa alisikia marehemu dada yake aliolewa mbali. Kisha akaandika tena kuomba radhi, alikuwa anamzungumzia dada mwingine. Uzi ulikatika hapo. Kifungua akabaki na tabia mpya: akipeleka mashuka wodi ya wanawake, huwasalimu wazee wote, na akiwasalimu hungoja watabasamu, aone meno.

Kitinda naye alibadilika. Mtu aliyekuwa akipiga simu mara moja kwa mwezi alianza kuja kila Jumapili. Akishakula, alirudia kisa cha shati bila kuombwa. Februari, yule mama alikuwa akimwimbia kitu chini chini wakati anafunga vifungo. Machi, alimpapasa kichwa, akamnusa utosini. Kifungua alisikiliza, mikono mapajani, na kila mara kitu ndani yake kilijikunyata na kuota jua kama paka. Jumapili moja ya Aprili, Kitinda aliegemea kiti, akatazama dari.

"Na alipofika kifungo cha mwisho, kile cha shingoni, akaniambia..."

Kifungua aliisikia. Sauti ilikuwa imepanda, imekuwa nyembamba, ile ile ya kwenye kipaza sauti chenye leso. Kitinda mwenyewe hakujua.

"Ishia hapo," alisema.

"Sijamaliza, dada. Akaniambia kwamba..."

"Ishia kwenye vifungo, mdogo wangu. Alivifungua, akaanza upya kutoka chini. Ishia hapo."

Kitinda alifumba mdomo. Alionekana ghafla kama mtoto aliyeshikwa na kitu kisicho chake, kisha kama mzee. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira, na mama yao anawaita waingie waoge.

"Sawa, dada," alisema.

Alikaa kidogo, akakunja mikono ya shati, akaenda jikoni kuangalia bomba lililokuwa likivuja tangu juzi. Kifungua alimsikia akifungua kabati, akivuta ndoo, akimlaani fundi aliyelifunga mara ya mwisho, ambaye alikuwa yeye mwenyewe. Alicheka peke yake sebuleni, akafuta macho, kisha akainuka kwenda kumshikia tochi.